Kabla hujamlaumu meya, uliza nani anasaini hundi

Zohran Mamdani alipoapishwa kuwa meya wa New York tarehe 1 Januari 2026, mitandao ya Afrika Mashariki ilishangilia kana kwamba tumeshinda sisi, maana jamaa kazaliwa Kampala. Sawa, furaha ni furaha. Ila nilichokiona kwenye zile shangwe ni kwamba karibu kila mtu alikuwa anazisoma ahadi zake tatu kubwa kama kitu kimoja: pango lisipande, mabasi yawe bure, malezi ya watoto wadogo yawe bila malipo. Kama vile meya akishakaa kwenye kiti anapiga simu tatu, kwisha kazi.

Ukizichambua moja moja unakuta kila ahadi ina mlango wake. Hii ya pango anao mkono mrefu, kwa sababu New York kuna bodi inayopanga viwango vya pango kwa nyumba kama milioni moja zilizo chini ya udhibiti, na wajumbe wake wote tisa wanateuliwa na meya. Hapigi kura mle ndani, na wajumbe wana vipindi vyao, lakini kama wewe ndiye unayechagua watu wote tisa basi ukivumilia utapata bodi inayofikiri kama wewe. Mabasi ni habari nyingine kabisa. Mabasi na treni za chini ya ardhi viko chini ya MTA, shirika la jimbo, mwenyekiti wake anapendekezwa na gavana, na meya anapendekeza wajumbe wanne tu kwenye bodi nzima. Kwa hiyo mabasi ya bure ni ahadi ya kwenda kumbembeleza mtu. Na malezi ya watoto ni hela, tena hela nyingi, na meya wa New York akitaka kuwapandishia matajiri kodi ya mapato hawezi mwenyewe, lazima bunge la jimbo kule Albany likubali. Huyu ndiye meya anayesemwa kuwa na nguvu kuliko karibu wote duniani, bajeti ya zaidi ya dola bilioni 110, waajiriwa karibu laki tatu, kamishna wa polisi anamteua yeye, mkuu wa shule zote za umma anamteua yeye (hilo la shule alilipata meya Michael Bloomberg mwaka 2002, kabla yake halikuwepo). Lakini nauli ya basi, hapana.

Sasa vuka bahari uende London uone vitu vilivyogeuka. Ken Livingstone alianzisha tozo ya magari yanayoingia katikati ya jiji Februari 2003, pauni 5 kwa siku, kwa madaraka yake mwenyewe kama meya. Bloomberg, bilionea, meya wa jiji tajiri kuliko nchi nyingi, alitaka kitu hichohicho mwaka 2007 na mwaka uliofuata kikafia Albany bila hata kupigiwa kura. Ikabidi isubiriwe sheria ya jimbo ya 2019, halafu gavana akaisimamisha Juni 2024 wiki chache tu kabla haijaanza, ndipo ikaanza Januari 2025 kwa dola 9. Lakini meya wa London naye, pamoja na ubabe wake wote wa barabarani, hawezi kugandisha pango la hata chumba kimoja. Sadiq Khan aliiomba serikali kuu impe madaraka ya kudhibiti pango na hakupewa. Na taka za London hazimhusu, zinazolewa na halmashauri za mitaa ya jiji, ziko 32 ukiacha ile City ya zamani kabisa ambayo nayo ina meya wake wa peke yake, Lord Mayor, anayekaa mwaka mmoja na kazi yake zaidi ni sherehe na kutangaza biashara za kifedha. Yaani London ina mameya wawili na watalii wanawachanganya kila siku.

Ndo maana mtu akiniambia "meya wetu hafanyi kitu" au "meya wa jiji fulani ni jembe" huwa sichangii kwanza. Nataka kujua mambo matatu: nani anasaini hundi, nani anamwajiri na kumfukuza mkurugenzi, na nani ana uwezo wa kumtoa meya mwenyewe. Ukishayajua hayo utajua kama una meya au una mgeni rasmi wa kudumu. Cheo peke yake hakikuambii chochote.

Kwa wanaofuatilia serikali za mitaa, makundi makubwa ni mawili ingawa katikati kuna mchanganyiko wa kila aina. Kuna meya mtendaji, anachaguliwa na wananchi moja kwa moja, anateua wakuu wa idara, anaandaa bajeti, na mara nyingi anaweza kukataa kusaini kile baraza limepitisha. New York baraza lina wajumbe 51 na wanahitaji theluthi mbili kumpindua meya akikataa. Halafu kuna meya ambaye kimsingi ni diwani mwenzao aliyechaguliwa na madiwani, anaongoza vikao, anavaa joho na mkufu, anapokea wageni, na kura yake ndani ya baraza ina uzito uleule wa diwani yeyote, labda zaidi kidogo kura zikilingana. Shughuli za kila siku za jiji ziko kwa mkurugenzi.

Huo mfumo wa mkurugenzi watu wengi wanadhani umebuniwa kumdhibiti meya wa Afrika, kumbe Wamarekani wanautumia zaidi ya miaka mia sasa. Dayton, Ohio, ilipigwa na mafuriko makubwa Machi 1913, utawala wa jiji ukaonekana umeoza na umejaa siasa za chama, watu wakasema bora jiji liendeshwe kama kampuni: baraza liwe bodi, bodi iajiri meneja msomi asiyegombea uchaguzi, akizingua afukuzwe. Januari 1914 meneja akaanza kazi. Leo hata Dallas, jiji la watu zaidi ya milioni moja, meya ana kura moja kati ya 15 na meneja wa jiji ndiye anayeendesha idara. Inafanya kazi vizuri tu sehemu nyingi. Lakini angalia kitu kimoja ambacho kwenye mijadala yetu huwa kinarukwa: Dayton na Dallas meneja anaajiriwa na baraza, na baraza hilohilo linaweza kumfukuza. Mwenye nyumba bado ni mpiga kura, kamweka msimamizi tu.

Hapo ndipo Kampala na miji ya Tanzania inapotofautiana na Dallas, hata kama kwenye karatasi mchoro unafanana. Kampala kwa sheria ya 2010 jiji lilitolewa kwenye mikono ya halmashauri ya kawaida likawekwa chini ya mamlaka inayojulikana kama KCCA, mkurugenzi mtendaji anateuliwa na Rais, na kuna waziri wa Kampala juu yake. Erias Lukwago akachaguliwa na wananchi kuwa Lord Mayor 2011, Jennifer Musisi akateuliwa mkurugenzi mtendaji mwaka huohuo, na kilichofuata ni miaka ya mvutano ambayo mtu yeyote angeweza kuitabiri kwa kusoma sheria yenyewe. Mmoja ana kura za watu, mwingine ana hela, wafanyakazi na simu ya Ikulu. Novemba 2013 madiwani wakapiga kura kumwondoa Lukwago, mambo yakaenda mahakamani, uchaguzi wa 2016 wananchi wakamrudisha. Sasa hapo ulitaka wananchi waseme nini zaidi? Kuna watu wanamsifu Musisi kwa usafi na barabara na kukusanya mapato, na wana hoja, mapato ya jiji kweli yalipanda. Kuna wanaosema Lukwago alikuwa anapinga tu. Mimi naona wote wawili walifanya walichotumwa na sheria iliyowaweka chumba kimoja bila kusema nani anakaa kichwani mwa meza.

Tanzania meya anachaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao, mkurugenzi wa jiji anateuliwa na Rais, na mkurugenzi ndiye afisa masuuli na katibu wa baraza. Kwa hiyo anayeandika muhtasari wa kikao, anayeidhinisha malipo, na anayejibu maswali ya mkaguzi ni mtu ambaye meya hakumwajiri na baraza lina nafasi finyu sana ya kumwondoa. Na vitu vyenyewe vya kusimamia vimepungua mwaka hadi mwaka. Zimamoto lilishahamia serikali kuu kwa sheria ya 2007. Barabara za mijini zilienda TARURA, wakala wa serikali kuu, mwaka 2017. Kodi ya majengo, ambayo karibu kila nchi ndio tegemeo la jiji kwa sababu jengo halikimbii, ilihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na mwaka 2021 ikaanza kukatwa kwenye umeme. Maji ni mamlaka nyingine, polisi ni wizara. Halafu mvua ikinyesha barabara ikajaa maji mwananchi anauliza meya yuko wapi! Meya naye hawezi kusimama akasema "jamani hiyo si yangu" maana ataonekana anakwepa, basi anavaa buti anaenda kupiga picha na wahandisi ambao hawawajibiki kwake.

Dar es Salaam ilikuwa na kichekesho kingine juu ya hicho. Kulikuwa na Halmashauri ya Jiji yenye meya wake, halafu chini yake manispaa kila moja na meya wake na mkurugenzi wake, na ardhi yote, wapiga kura wote na vyanzo vingi vya mapato viko kwenye manispaa. Jiji lilikuwa kama paa lisilo na kuta. Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja, Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Kuna waliolia, mi sikuona sababu kubwa ya kulia, ila swali la msingi halikujibiwa: mafuriko, usafiri na taka za mji unaopita mipaka ya manispaa tano nani anaviratibu? Hilo ndilo tatizo halisi la majiji makubwa karibu yote, mji unakua kupita mipaka ya kisheria na kila kipande kina mwenyewe.

Kenya wao walikata mzizi, meya wakamfuta kabisa. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47, na kuanzia uchaguzi wa Machi 2013 Nairobi ina gavana anayechaguliwa moja kwa moja, mwenye madaraka ya utendaji ambayo meya wa zamani, aliyekuwa anachaguliwa na madiwani huku karani wa jiji akiendesha ofisi, hakuwa nayo. Kwa hiyo swali la nani anaendesha jiji lilijibiwa vizuri tu kwenye katiba. Halafu Februari 2020 gavana Mike Sonko akasaini kukabidhi afya, usafiri, ujenzi na mipango kwa serikali kuu, ikaundwa NMS, taasisi ya kuendesha huduma hizo, chini ya jenerali wa jeshi, na Desemba mwaka huohuo Sonko akaondolewa na Seneti. Wa jijini walijikuta kwa muda wana gavana, wana jenerali, na hawajui nani wa kumfokea kuhusu maji.

Serikali kuu kuyaogopa majiji makubwa si jambo la kwetu tu, tusijidharau. Paris, baada ya ule uasi wa 1871, ilikaa bila meya zaidi ya miaka mia moja mpaka 1977 alipochaguliwa Jacques Chirac, na mpaka leo mkuu wa polisi wa Paris ni mteule wa serikali. London serikali ya Thatcher ilifuta baraza zima la jiji mwaka 1986 kwa sababu lilikuwa linaendeshwa na wapinzani (aliyekuwa analiongoza ni Livingstone huyohuyo), na jiji likakaa miaka 14 bila serikali yake hadi 2000. Mtawala akiangalia dirishani anaona jiji. Lazima limhangaishe.

Haya, tuseme una meya mwenye madaraka kweli. Anafanya nini siku nzima?

Zaidi ya yote anapigana na bajeti, na hii ndio sehemu ambayo kampeni hazielezi kabisa. Meya anayeingia ofisini anadhani amepewa mfuko, kumbe amepewa mfuko ambao sehemu kubwa imeshaahidiwa na watu waliomtangulia. Mishahara ipo, pensheni zipo, riba ya mikopo ipo, mikataba ya kuzoa taka iliyosainiwa miaka saba iliyopita ipo, kesi ambazo jiji limeshindwa mahakamani nazo zinadai, na ruzuku ya serikali kuu inakuja na masharti kwamba hii ni ya zahanati usiiguse kwa mtaro. Ukitoa hayo yote kinachobaki cha kufanyia "maono" ni kidogo mno. Miji mingi pia sheria inaikataza kupitisha bajeti yenye nakisi, New York ilibanwa hivyo baada ya kukaribia kufilisika mwaka 1975, kwa hiyo tofauti na serikali kuu meya hawezi kusema tutakopa tulipe mishahara. Akitaka kuongeza taa za barabarani inabidi apunguze kitu, na kila kitu kina wenyewe. Ndio maana meya mzuri unamwona anavyokaa na mkurugenzi wa fedha miezi mitatu kabla ya kikao, anauliza kwa nini ada za maegesho zinazokusanywa ni nusu ya makadirio, kwa nini leseni za biashara mtaa huu wanalipa na mtaa ule hawalipi, nani kaandika hii "gharama nyinginezo". Kazi ya kuchosha ile. Haina picha.

Na kama kuna kitu kimoja ningependa wapiga kura wakiogope kuliko hotuba mbaya ni mkataba mrefu. Chicago Desemba 2008 meya Richard M. Daley alikuwa na pengo kwenye bajeti, akapeleka kwa madiwani dili la kukodisha mita za maegesho za jiji kwa miaka 75 kwa dola bilioni 1.15. Madiwani walipewa siku chache tu, wakapiga kura 40 kwa 5. Mkaguzi wa jiji alikuja kukadiria kwamba jiji lilikuwa limeuza kwa pungufu ya karibu dola bilioni moja. Ada zikapanda mara mbili, mara tatu na zaidi, hela yote kubwa ikaliwa kwenye bajeti za miaka michache iliyofuata, na mpaka leo jiji likifunga mtaa kwa ajili ya ujenzi au sherehe likazidisha kiwango cha mkataba linailipa kampuni fidia. Mkataba unaisha 2083. Mameya waliomfuata Daley wote wanatawala barabara ambazo ukingo wake si wao, na hakuna hata mmoja wao aliyesaini. Huyuhuyu Daley ndiye Machi 2003 alipeleka mabuldoza usiku wa manane kwenda kuchimba njia ya ndege ya uwanja mdogo wa Meigs Field ili asibishane na mtu, asubuhi watu wakakuta alama za X zimechimbwa na ndege zimekwama pale. Jiji lililipa faini, na ule uwanja leo ni bustani nzuri. Sijui kama nimchukie kwa hilo, maana bustani imependeza kweli, lakini meya anayefanya jambo zuri usiku ili asiulizwe ndiye huyohuyo atakayekuletea mkataba wa miaka 75 kwa siku tatu. Kinachofurahisha zaidi, kwa maandishi Chicago inahesabiwa kuwa na meya dhaifu na baraza lenye nguvu! Madiwani walikuwa na nguvu zote za kumzuia, walichagua kutozitumia.

Kwa hiyo baraza nalo ni sehemu ya hoja. Tunapenda kusema meya apewe madaraka, na mimi niko upande huo, napendelea mtu mmoja ninayeweza kumnyooshea kidole kuliko kamati tano zinazosukumiana. Lakini meya mtendaji bila baraza linalosoma makabrasha, bila mkaguzi asiyeteuliwa naye, bila sheria ya kulazimisha mikataba ikae wazi kwa wiki kadhaa kabla ya kura, huyo ni mfalme mdogo. New York mdhibiti wa hesabu za jiji anachaguliwa na wananchi kwenye uchaguzi wake, si mteule wa meya, na mara nyingi ni mtu anayeutaka umeya wenyewe, kwa hiyo ana kila sababu ya kutafuta makosa. Mfumo wa kinafiki kidogo, ila unafanya kazi.

Halafu kuna nguvu ambayo haimo kwenye sheria yoyote, sauti. Meya hata asiye na hundi ana kipaza sauti, na hapa mtu ninayempenda kumtaja ni Antanas Mockus wa Bogotá. Mwalimu wa falsafa na hesabu, aliyeacha ukuu wa chuo kikuu mwaka 1993 baada ya kuvua suruali na kuwaonyesha makalio wanafunzi waliokuwa wanamzomea (kweli kabisa, sitanii), watu wakampigia kura ya umeya mara mbili. Alipoingia 1995 barabara zilikuwa vurugu na askari wa barabarani wanajulikana kwa rushwa. Akaleta wasanii wa kuigiza bila maneno, wamepaka nyuso, wanasimama kwenye vivuko vya waenda kwa miguu wanawadhihaki madereva wanaokanyaga mistari. Walianza wachache wakafika mamia. Hoja yake ilikuwa kwamba watu pale wanaogopa kuchekwa kuliko faini. Maji yalipopungua akaonekana kwenye televisheni anaoga, anafunga bomba wakati anajipaka sabuni, anawaambia watu wafanye hivyo, na matumizi yakashuka. Kipindi cha pili akaomba wenye uwezo waongeze asilimia 10 juu ya kodi yao kwa hiari, wakajitokeza zaidi ya watu 60,000. Hakuna sheria inayompa meya madaraka ya kuoga kwenye televisheni. Ila kilichofanya yote hayo yawezekane ni kwamba watu waliamini haibi. Meya mwizi angeomba asilimia 10 ya hiari wangemcheka wao.

Dharura ndio mtihani mwingine, na wapiga kura wana kumbukumbu ndefu ajabu kwenye hili. Januari 1979 theluji kubwa iliifunika Chicago, meya wakati ule Michael Bilandic akawaambia watu wakaegeshe magari kwenye viwanja vya shule vilivyokwisha safishwa, watu wakaenda wakakuta havijasafishwa. Treni zikawa zinaruka vituo vya mitaa ya watu weusi. Mwezi uliofuata kwenye kura za ndani za chama Jane Byrne akamshinda, akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa jiji lile. Theluji hakuileta Bilandic. Lakini kusema kitu kimesafishwa wakati hakijasafishwa, hilo lilikuwa lake. Kwenye mafuriko, moto, kipindupindu, nadhani kazi ya meya zaidi ya nusu ni kusema ukweli mapema na kuwakutanisha watu ambao kwa kawaida hawaongei: maji, umeme, polisi, hospitali, zimamoto. Hata meya asiye na amri juu ya yeyote kati yao anaweza kuwaita chumba kimoja, na akiwaita mbele ya waandishi wa habari ni vigumu mtu kukataa kuja.

Limebaki lile swali la tatu, nani anamtoa. New York gavana anayo mamlaka ya kumwondoa meya kwa mashtaka, jambo ambalo watu wengi hawalijui, na Jimmy Walker mwaka 1932 alijiuzulu katikati ya mahojiano mbele ya gavana Franklin Roosevelt kabla hajafikiwa na uamuzi. Uturuki Ekrem İmamoğlu alishinda Istanbul Machi 2019 kwa kura kama 13,000, matokeo yakafutwa, Juni wakarudia akashinda kwa zaidi ya laki nane, na Machi 2025 akakamatwa na kusimamishwa umeya. Kura zake hazikupungua, kilichobadilika ni nani ameamua kutumia mamlaka aliyonayo juu yake.

Na sehemu ambako madiwani ndio wanaomtoa, ugonjwa unakuwa wa aina nyingine. Johannesburg meya mtendaji anachaguliwa na baraza, hakuna chama kilichopata wingi kwenye uchaguzi wa 2021, na tangu hapo umeya ukawa unazunguka kwa kura za kutokuwa na imani: Mpho Phalatse akatolewa, Dada Morero akakaa siku 25 mwaka 2022, mahakama ikamrudisha Phalatse, akatolewa tena, akaja Thapelo Amad, akaja Kabelo Gwamanda, na Agosti 2024 akarudi Morero. Wakati huo mabomba ya maji yanapasuka na hayo mabomba yanahitaji mpango wa miaka kumi, wa kukarabati hifadhi za maji, kubadilisha mita, kudai madeni ya idara za serikali zenyewe. Hakuna meya wa miezi minane atakayeanza kazi ambayo mwenzake ndiye atakayekata utepe. Na mkandarasi anayeidai jiji anajua hilo vizuri, anasubiri tu meya ajaye.